Uliyemwambia Kwanza

Zuhura mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa Syombua kula chakula cha kuagwa, na mimi nimekataa kwenda. Nimekwambia kichwa kinaniuma. Umeniangalia kidogo, hukubisha, ukavaa viatu ukaenda. Kichwa hakiniumi. Nina wivu, basi. Nimechukua kalamu sasa kwa sababu kesho asubuhi kutakuwa na mizigo na haraka na majirani, na mimi mbele za watu huwa sina maneno mengine isipokuwa "umebeba chaja?"

Kwa hivyo humu hakuna habari za chaja. Wala za sweta. Unakwenda Kisumu kutunza vyumba vya baridi vya kiwanda cha samaki, mambo ya sweta unayajua kunishinda. Swala unazijua, na kupika nimekufundisha mwenyewe. Nataka kukuandikia juu ya huu wivu, maana umeishi nao humu ndani tangu ulipoanza kazi, umekuwa ukiupisha mlangoni kama mtu mzima, na hata siku moja hatujauzungumza.

Nianze ulipomaliza kidato cha nne. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa ameshatutoka, na hapo ndipo nilipojua kwamba katika ndoa yetu yote hapakuwa na kitu hata kimoja kilichoandikwa kwa jina langu. Ndugu zake walilichukua lori kabla ya arubaini. Mimi nikabaki na karai na sufuria, nikafungua kibanda cha chai na viazi karai pembeni ya bucha ya Bakari, hapa hapa Majengo. Nilikuwa nimepanga moyoni kwamba wewe utapata kazi ya kukaa kwenye kiti.

Ulitafuta. Nakumbuka, hata kama wewe hupendi kukumbuka. Duka moja kubwa la mjini walikukubali, halafu siku ya kuanza wakakwambia hijabu uiache nyumbani. Yule wa duka la simu akasema wasichana mkishaolewa mnaacha kazi, afadhali achukue kijana wa kiume. Na kuna yule aliyekuambia nafasi ipo, ila mkaizungumzie kwenye nyumba ya wageni. Siku hiyo ulirudi ukaoga mchana, ukalala umejifunika mpaka kichwani, na mimi sikukuuliza kitu kwa sababu nilishajua. Ulipokuja kibandani kwangu ukafunga aproni, wateja walinipa pole. Mimi nilikuhurumia sana, Zuhura, na nilifurahi. Yote mawili. Ulikuwa wangu kutwa nzima.

Kisha friza ya Bakari ikaharibika. Akaja fundi, ndiye huyu Syombua, na sote tukageuka kutazama kwa kuwa alikuwa mwanamke: mnene, ovaroli ya bluu, kofia ya sufu kichwani, mtungi wa gesi begani. Akapiga magoti nyuma ya friza akaanza kuifungua bila kumsalimu mtu. Nilikuwa na chai iliyobaki kwenye sufuria. Nikakwambia, "Zuhura, hebu mpelekee yule fundi kikombe."

Ni mimi niliyekutuma. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko unavyoweza kudhani.

Ulikwenda na kikombe, hukurudi. Viazi vikaungua nikikungoja. Nilipochungulia nilikuona umechutama kando yake, umemshikia tochi, na yeye anazungumza bila kukuangalia, anakuonyesha kitu kwa ncha ya bisibisi.

"Mama, huyu msichana wako ako na mkono imetulia," alinipazia sauti kutoka kule. "Naweza kumkopa kesho?"

"Ukimkopa umrudishe," nikamjibu, nikidhani tunataniana.

Akacheka kwa mdomo wote. Kicheko kile baadaye nikakisikia humu ndani ya nyumba yangu, kikitoka kinywani mwako. Ulianza kucheka kama yeye. Ukaanza kujipangusa mikono mapajani kama yeye, na kukaa kimya kabla ya kujibu swali, kama yeye. Kila nikikwambia jambo, hata la chumvi, ulikuwa na lako: "Fundi alisema." Fundi alisema usinywe maji baridi ukitoka kuchomelea. Fundi alisema hela ya kwanza ya mwezi ujilipe wewe mwenyewe kabla hujamlipa mtu. Nilikuwa nakusikiliza huku nasukuma chapati, na zile chapati zilikuwa zinapigwa.

Lakini lililonikata ni jambo dogo. Unajua nilizaliwa Mutheu, kule Ndithini, kabla baba yako hajanioa nikasilimu nikawa Halima. Bibi yako mzaa baba alikuwa mtu wa Mombasa, na jikoni mwake Kikamba hakikusemwa. Nilikuwa msichana mgeni katika nyumba ya watu, nikanyamaza. Nikakulea kwa Kiswahili. Sasa siku moja napita karakana ya Syombua, nimebeba unga, nikakusikia ndani unaita: "Mwaitu! Mwaitu, njoo uone hii bomba!"

Mwaitu ni mama. Ndivyo nilivyomwita mama yangu mpaka anazikwa. Najua hapa Ukambani kila mwanamke mzima huitwa hivyo, hata muuza nyanya, na wewe hukuwa na maana mbaya. Ila hujawahi kuniita mimi hivyo, na kosa si lako, sikukufundisha. Yule mwanamke alikuwa amekupa ufundi, na juu yake akakupa na lugha yangu mwenyewe. Nilisimama pale barabarani na unga wangu. Kisha nikaenda nyumbani bila kuingia.

Ndipo nikaanza vita vya ile suruali uliyoanza kuvaa kazini. Nilisema mtoto wa Majengo hatapanda paa la watu kufunga mashine za baridi akiwa na suruali, waumini wanatoka msikitini wanamwangalia. Ulinisikiliza, ukaenda, na kesho yake ukarudi umevaa koti la kazi la bluu, refu, linapita magoti. Syombua alikuwa amekwenda mwenyewe kwa fundi cherehani. Alikuwa amekununulia na kitambaa cha kichwa cha pamba, kwa sababu cha nailoni, alisema, kikiguswa na moto kinaganda kwenye ngozi.

Nilikaa kitandani nikalishika lile koti. Mwanamke wa kanisani alikuwa amekaa chini akafikiria stara ya mwanangu. Mimi mama yako nilikuwa nimefikiria kukukataza tu. Ningeweza kumshukuru. Nilikwenda karakana kwake nikiwa nimejifunga leso kiunoni.

"Mtoto ni wangu," nilimwambia, mbele ya wateja wake wawili.

Hakusimama hata. Alikuwa ameshika kompresa mapajani anaifuta. "Sijasema ni wangu, Mama Zuhura. Niko na wangu watatu, na wamenitosha. Mimi nimesema ni fundi."

"Ni msichana."

"Ee. Ni msichana fundi."

Nikaondoka, na nikaenda nikaumwa mguu. Wewe unajua na mimi najua kwamba ule mguu haukuwa unauma hivyo. Uliuma kidogo, nikauongeza. Nikasema siwezi kusimama kibandani peke yangu. Ukaacha kwenda karakana, ukarudi kwenye aproni, msimu mzima wa mvua. Na mtihani wa ufundi wa serikali, ule uliokuwa umeusubiri, ukapita wewe ukiwa unakaanga viazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nimeweka mguu juu ya kreti. Nilikuona ukiangalia saa ya simu asubuhi ile, halafu ukaiweka mfukoni, ukaendelea kumenya.

Hukugombana na mimi. Laiti ungegombana. Mimi nilipokuwa na umri huo nilikuwa na kazi imeshanipokea, sijui kama nimewahi kukusimulia vizuri. Kupika katika shule ya wasichana, upande wa Masii. Mpishi mkuu wa pale alikuwa amenionja mkono kwenye harusi, akanitaka. Ningelala huko huko shuleni, ningepokea mshahara wangu mkononi. Baba yangu akasema binti yake hatapikia watu baki. Mama yangu alikuwa amekaa pale, anachambua mbaazi. Nilimwangalia. Hakuinua macho. Nilimwekea kinyongo kwa kule kunyamaza, miaka na miaka, hata siku ya mazishi yake kilikuwepo. Na mimi zamu yangu ilipofika sikunyamaza, nilifanya zaidi. Nilijitia kilema ili nikuzuie. Nadhani sasa mama yangu aliniogopea tu, lakini mimi sikukuogopea, Zuhura. Mimi nilikuwa nakuonea wivu. Nilikuwa namwonea wivu Syombua kwa sababu yako, na wewe kwa sababu ya Syombua, maana mimi hakuna mwanamke mkubwa aliyewahi kuja akasema mbele ya watu kwamba Mutheu ana mkono uliotulia.

Kilichonishinda nguvu ni mkono wako. Ulikuwa unapita bucha ya Bakari kwenda kuchota maji, asubuhi, hujui nakuangalia. Ukasimama. Ukaweka kiganja ubavuni mwa ile friza, ukainamisha kichwa kusikiliza, vile mimi nilivyokuwa nakushika paji la uso ukiwa na homa. Halafu ukachukua ndoo ukaenda zako. Uliporudi nikakwambia, "Rudi kwa fundi wako." Hilo "wako" nililisema kwa ubaya, na wewe ulilisikia. Lakini ulivua aproni haraka mpaka kamba ikakatika.

Nadhani ulitegemea kwamba tangu siku hiyo nilipona. Sikupona.

Kuna siku moja sijakuambia kwamba nilikuwepo. Mlikuwa kwenye duka la maziwa, lile la karibu na soko, mashine ya kupoza imekataa. Nilikuwa nimekuja kununua maziwa ya kibandani, nikajificha nyuma ya watu. Ulikuwa unaifanya kazi wewe. Uliunga bomba, ukajaza gesi, ukawasha, ikazima. Ukafungua tena, ukaunga tena, ikazima tena. Mwenye duka akaanza kunung'unika kwamba maziwa yake yanaganda, kwamba alimwita fundi si mwanafunzi. Niliona jasho likikutiririka usoni. Na Syombua, ambaye angeweza kuitengeneza ile mashine kwa muda mfupi, alikuwa amekaa kwenye kreti, mikono ameikunja, anatazama barabarani.

"Msaidie basi," mwenye duka akamwambia.

"Anajua," akasema Syombua. Akaendelea kukaa.

Zuhura, mimi miguu ilikuwa inanisukuma niingie. Nilitaka kumtukana mwenye duka, nikupanguse uso, nikuchukue nyumbani nikupe chai. Ningekuwa mimi kwenye lile kreti nisingekaa. Ningekunyang'anya bisibisi. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho yeye anacho na mimi sina: anaweza kukuacha ukaaibika na asife. Ulikaa na ile mashine mpaka wateja wakachoka wakaondoka. Ilipowaka hukupigiwa makofi na mtu, mwenye duka alilipa huku amenuna, na Syombua alikwambia tu ufunge boksi la vifaa. Nilisahau maziwa, nikarudi nyumbani mikono mitupu nimekasirika. Ningependa kukwambia kwamba nilirudi nikimshukuru. Nilirudi nikisema, kwa nini yeye?

Mtihani ukaufanya mwaka uliofuata, ukafaulu. Halafu likaja hili la Kisumu.

Nilikuwa nachuja chai. Syombua alikuja kibandani, na hakuwa mtu wa kuja kibandani kwangu. Amevaa gauni, amepaka mafuta. Akanipa mikono yake yote miwili akasema, "Hongera, Mama Zuhura! Mungu ametenda."

"Ya nini?" nikamuuliza.

Nilimwona akielewa. Uso wake mkubwa ule ulishuka wote. "Uui," akasema. "Hajakuambia."

"Kuniambia nini?"

"Mimi nimeharibu. Pole. Muulize yeye," akasema, akatoka bila kunywa chai, na nilimsikia huko nje akijilaumu kwa Kikamba peke yake.

Ulipofika jioni sikukusalimu. Uliniambia habari yenyewe, kiwanda, nyumba ya wafanyakazi, mkataba wenye jina lako, na mimi nikauliza jambo moja tu: kwa nini umemwambia yeye kwanza? Ulikaa kimya kwa ule ukimya wake. Kisha ukasema, taratibu, bila hasira:

"Nilitaka nifurahi kwanza kidogo, Mama, kabla sijaja nyumbani."

Nimepigwa na mambo mengi katika maisha haya. Nimefiwa. Nimeona lori likiondolewa uani na watu niliowapikia pilau. Lakini hakuna lililonipiga hivyo. Sikusema na wewe siku hiyo wala kesho yake, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nafanya hesabu ya furaha zako nyingine. Ulipopata cheti, ulikaa wapi kabla hujaja? Ulipofungua akaunti benki, ulizunguka mji mara ngapi kwanza ukiwa unacheka peke yako, ili uingie humu ukiwa umeshanyoosha uso?

Nimefika hapo nilipokuwa nataka kufika, na sasa sijui vizuri niseme nini.

Nadhani ni hivi. Huko unakokwenda utakutana na watu watakaokutaka mdogo. Wengine watakuwa wanaume wa kiwandani watakaokutuma chai wakati mashine imefunguliwa. Hao utawaona mapema na Syombua ameshakufundisha cha kuwajibu, sitaki kujua ni maneno gani. Lakini wengine watakuwa watu wanaokupenda kweli. Watakupikia, watakuombea dua, wangekufia, na bado watakutaka ukae pale pale walipokuzoea. Hao ni wagumu kuwatambua kwa sababu ukiwaangalia usoni unaona mapenzi tu, na mapenzi yapo, hawadanganyi. Mimi ni mmoja wao. Ukimpata mwingine, awe rafiki au mume, usipoteze miaka ukijiuliza kama anakupenda au anakuzuia. Anafanya yote mawili kwa mkono mmoja. Wewe angalia tu kama ukiwa na habari njema unaharakisha kwenda kwake au unapitia njia ndefu.

Na nitakuomba pesa. Najijua. Nitapiga simu nianze na habari za mvua, halafu za Bakari, halafu nitafika. Mara nyingine nitakuwa na shida ya kweli, na mara nyingine nitakuwa napima tu kama bado wewe ni wangu. Utasikia tofauti, una masikio mazuri. Ile ya kweli nisaidie. Ile ya kupima nikatalie, kwa adabu, halafu kaa kwenye simu uniambie umekula nini. Kile ninachokitafuta nitakuwa nimekipata, nawe utakuwa na akiba yako. Sitaki siku moja mtu aje akuondolee lori uani.

Syombua usimwache. Nimeandika sentensi hiyo na mkono ukasita, lakini nimeiandika. Mpigie. Mwite mwaitu akiwa anapenda. Sijaacha kumwonea wivu, na nadhani sitaacha, nitazeeka nao kama watu wengine wanavyozeeka na kifua. Ila sitautumia tena kama nilivyoutumia ule mguu.

Na habari njema itakapokuja, maana itakuja, sikuombi uniambie mimi kwanza. Mwambie umtakaye. Zunguka Kisumu yote ukicheka. Ukishamaliza kufurahi, na uso bado haujaunyoosha, hapo nipigie. Nitajaribu. Huenda nikanyamaza mwanzoni. Usikate simu.

Sasa nasikia sauti zenu barabarani, anakusindikiza. Mnacheka, na kutoka humu ndani siwezi kutofautisha nani ni nani. Nitawafungulia. Nitamwambia aingie, chai ipo, na nitajitahidi uso wangu uonekane wa mtu aliyepona kichwa.

Kesho atakuwepo steji, najua, ameshafunga karakana kwa ajili yako, na atakukumbatia kwa ile mikono yake mikubwa mpaka basi lipige honi. Mruhusu. Lakini nikumbatie mimi kwanza, Zuhura. Halafu yeye. Halafu, dereva apige kelele asipige, urudi unikumbatie mimi tena.

Mama yako,
Halima Mutheu